Mwani si ukoo, ni kazi

Neno "mdudu" lina majukumu mengi kuliko mshahara wake. Nzi ni mdudu, buibui ni mdudu, nge ni mdudu, na mtu akipimwa damu akakutwa na malaria tunasema ana wadudu wa malaria. Mtaalamu wa wadudu akisikia hivyo hukuna kichwa, maana kwake mdudu sharti awe na miguu sita. Buibui ana minane, na kimelea cha malaria hakina hata mmoja. Lakini aliyesema "wadudu wa malaria" hakukusudia kueleza nasaba ya mtu. Alitaka tu kusema kuna kitu kidogo, kiko hai, na kinamdhuru.

"Mwani" ni neno la jinsi hiyo hiyo, ila safari hii hata wanasayansi wamenasa. Wanalitumia kila siku, wana vyama na majarida yanayobeba jina hilo, na ukiwabana wakupe maana yake hasa, jibu huanza na "kwa kawaida" na kuishia na "isipokuwa".

Jibu la kawaida ni hili: mwani ni viumbe vinavyojitengenezea chakula kwa nuru ya jua na kutoa oksijeni, vinaishi zaidi majini, na havina mizizi, mashina, majani wala maua ya kweli. Kwenye mtihani utapata alama zako zote. Tatizo ni kwamba jibu hilo linasema viumbe hivi vinafanya nini na vimekosa nini, halisemi ni akina nani.

Takataka ya ufukweni

Jina la kitaalamu linatoka katika Kilatini: alga ikiwa mmoja, algae wakiwa wengi. Kwa Warumi lilikuwa jina la mwani wa baharini, hasa ule unaotupwa na mawimbi ukaozea mchangani. Haukuwa na heshima. Washairi wao walipotaka kudharau kitu walisema ni duni kuliko alga. Wagiriki walikuwa na neno lao, phykos, lililomaanisha mwani na pia rangi ya kujipaka usoni, na ndilo lililozaa jina la elimu ya mwani, fikolojia. (Ukiwa umewahi kujiuliza, hapana, alga haina undugu na aljebra. Ile "al" ya aljebra ni ya Kiarabu.)

Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Uswidi alipoipanga mimea yote aliyoijua, mimea isiyo na maua ilimsumbua, kwa kuwa yeye aliainisha kwa kuangalia viungo vya uzazi ndani ya ua. Akaitupia yote katika darasa moja la mwisho, na ndani yake akafungua fungu aliloliita Algae. Humo aliweka mwani wa baharini, lakini pia yale madoa ya kijivu yanayoganda kwenye magome ya miti, ambayo leo tunajua ni ushirika wa kuvu na mwani, pamoja na vimea bapa vya mahali penye unyevu ambavyo si mwani hata kidogo. Neno la ufukweni likawa kapu la mabaki. Vizazi vilivyofuata vilitoa humo hiki na kile, wakaongeza vingine vilivyogunduliwa kwa hadubini, na kapu halijawahi kubaki na kitu cha aina moja.

Kiswahili kimepita njia inayofanana na hiyo. Mwani, kwa mzungumzaji wa kawaida, ni majani ya baharini. Ule utando wa kijani ndani ya tangi la maji, au ule utelezi wa kwenye mawe ya mtoni, watu wengi wangeuita ukungu, au uchafu tu. Vitabu vya sayansi ndivyo vilivyolivuta neno kutoka pwani likafika mpaka kwenye tangi. Kwa hiyo mtu akiambiwa maji yake "yameota mwani" akashangaa bahari imefikaje humo, hajakosea. Neno ndilo lililohama.

Kila sharti na mvunjaji wake

Chukua sharti la kwanza, la kujitengenezea chakula kwa nuru, yaani usanisinuru. Kuna mwani uitwao Prototheca ambao umeacha kabisa kazi hiyo. Umepoteza klorofili, hauna ukijani wowote, na unaishi kwa kula vilivyooza. Wakati mwingine huingia kwenye kiwele cha ng'ombe ukaleta ugonjwa. Bado unahesabiwa kuwa mwani, kwa kuwa ndugu zake wa karibu ni mwani wa kijani.

Sharti la majini nalo linavuja. Kuna mwani unaoishi kwenye theluji ya milimani na kuitia wekundu kama maji ya tikiti, na kuna unaoishi ndani ya mawe ya jangwani, milimita chache chini ya uso wa jiwe, pale nuru inapopenya kidogo. Kwa upande wa pili, zile nyasi ndefu zinazoota kwenye mchanga wa bahari yenye kina kifupi, zinazoliwa na kasa na nguva, si mwani. Zina mizizi, zinatoa maua chini ya maji, na wahenga wao walikuwa mimea ya nchi kavu iliyorudi baharini. Watu huzichanganya kila mara, na macho peke yake hayawezi kulaumiwa.

Ukubwa ndio usiulize. Mwani mkubwa wa kahawia uitwao Macrocystis hukua kupita mita 40 kutoka sakafu ya bahari, na mazingira yakiwa mazuri huongezeka karibu nusu mita kwa siku. Ukiutazama utasema una mizizi, shina na majani. Lakini "mzizi" wake ni nanga tu ya kushikilia mwamba. Haunyonyi chochote kwa sababu hakuna cha kunyonya kwenye mwamba. Mwili mzima unachukua virutubisho moja kwa moja kutoka kwenye maji yanayouzunguka. Upande mwingine kuna Caulerpa, mwani wa kijani wenye umbo la unyoya, unaotambaa mchangani hata mita nzima au zaidi, na wote ni seli moja. Hakuna kuta ndani. Viini maelfu kwa maelfu vinaelea katika uji mmoja. Aliyefundishwa shuleni kwamba seli ni kitu cha kutafuta kwa hadubini ana haki ya kudai maelezo.

Mlo ambao haukusagwa

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo, mahali ambapo hadithi ya mwani inaacha kuwa orodha ya vioja na kuanza kueleweka.

Wa kwanza duniani kufanya usanisinuru wa kutoa oksijeni walikuwa bakteria, hawa tunaowaita sianobakteria. Kazi yao ilianza kuijaza hewa ya dunia oksijeni yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita. Baadaye sana, zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, seli moja kubwa iliyoishi kwa kumeza wenzake ilimmeza sianobakteria, na kwa sababu ambazo hakuna aliyekuwapo kuzishuhudia, haikumsaga. Akabaki tumboni akiendelea na kazi yake: kupokea nuru na kutengeneza sukari. Mwenyeji akapata chakula bila kuwinda, mgeni akapata makazi. Vizazi vikapita, jeni nyingi za mgeni zikahamia kwenye kiini cha mwenyeji, na mwisho mgeni hakuweza tena kuondoka. Huyo ndiye kloroplasti, ile punje ya kijani iliyomo ndani ya seli ya kila jani unaloliona.

Konstantin Mereschkowski, mwanasayansi wa Urusi, aliliandika wazo hili mwaka 1905 na wengi wakalipuuza. Mwaka 1967 Lynn Margulis wa Marekani alilifufua, baada ya makala yake kukataliwa na majarida kadhaa. Ushahidi uliokuja baadaye ulifunga mjadala. Kloroplasti ina DNA yake yenyewe, nayo inafanana na ya sianobakteria. Hugawanyika yenyewe kama bakteria. Na imefungwa kwa tando mbili, kumbukumbu ya jinsi ilivyoingia.

Kutokana na mmezo huo wa kwanza walitoka mwani mwekundu, mwani wa kijani, na kundi dogo la tatu lisilojulikana sana. Mwani wa kijani ndio uliokuja kuzaa mimea ya nchi kavu, karibu miaka milioni 470 iliyopita. Maana yake ni kwamba ule ukijani wa kwenye tangi ni jamaa wa mwembe. Hiyo si lugha ya picha, ni nasaba.

Hadithi ingekuwa rahisi kama ingeishia hapo. Haikuishia. Seli nyingine za koo tofauti kabisa ziliwameza mwani wenyewe. Mmoja akameza mwani mwekundu mzima, pamoja na kloroplasti iliyokuwa ndani yake, na naye akashindwa kumsaga. Ni kama samaki mkubwa aliyemeza samaki mdogo aliyekwisha kumeza dagaa, na dagaa bado anapumua. Mwani wa kahawia, pamoja na lile Macrocystis la mita 40, umetoka katika tukio la namna hiyo. Ukihesabu tando za kloroplasti zake utakuta nne badala ya mbili. Katika kundi moja la mwani wa seli moja, mabaki ya kiini cha aliyemezwa yangali yamekwama katikati ya tando, kama mwiba wa samaki kooni.

Kwa hiyo mwani wa kahawia, ambao machoni unafanana na mmea kuliko mwani mwingine wowote, uko mbali na mimea kuliko ule utando wa tangini. Jamaa zake wa karibu zaidi ni pamoja na Phytophthora, kiumbe kisichofanya usanisinuru kabisa, kile kilichoteketeza mashamba ya viazi ya Ireland kuanzia mwaka 1845. Naye Euglena, kiumbe cha kijani cha seli moja anayeogelea madimbwini kwa mkia kama mjeledi, ni wa ukoo unaokaribiana na vimelea vya malale vinavyoenezwa na mbung'o. Ukijani wake aliupata kwa kumeza mwani wa kijani. Kimelea cha malale hakina.

Ndipo maana ya neno inapokaa sawa. Mwani si ukoo, ni kazi. Ni kama kusema "wavuvi": hawana babu mmoja, wametoka makabila mbalimbali, lakini wote wamejifunza kutupa wavu. Mimea ya nchi kavu inafanya kazi ile ile na ina haki zote za kuitwa mwani wa kijani uliohamia bara, ila kwa desturi tunaiacha nje. Hakuna sababu ya kinasaba ya kuiacha. Ni mazoea tu.

Rangi zinasaidia, zinadanganya pia

Mwaka 1836 mtaalamu wa Ireland, William Henry Harvey, aliugawa mwani kwa rangi: mwekundu, wa kahawia, wa kijani, na kundi la diatomu. Mgawanyo huo umedumu vizuri kuliko ulivyostahili, kwa sababu rangi inatokana na kemikali za kunasa nuru, na kemikali hizo zinafuata aina ya kloroplasti iliyorithiwa. Mwani mwekundu unanasa vyema nuru ya kijani na samawati, ambayo ndiyo inayofika chini zaidi ndani ya maji. Mwaka 1984, karibu na Bahamas, watafiti ndani ya nyambizi waliukuta mwani mwekundu mgumu kama ganda la chokaa ukiwa umeganda kwenye mwamba mita 268 chini ya uso wa bahari, mahali ambapo kwa macho yetu ni giza.

Diatomu wanastahili makala yao wenyewe. Hawa ni mwani wa seli moja wanaojijengea vijumba vya kioo, silika halisi, vyenye vitundu vilivyopangika kama kazi ya sonara. Wakifa, vijumba huzama na kurundikana kwa mamilioni ya miaka hadi vikawa udongo mweupe mwepesi. Alfred Nobel alitumia udongo huo kunyonya nitrogliserini ili isilipuke ovyo, na mwaka 1867 akapata hataza ya baruti iitwayo dinamiti.

Jinsi macho yanavyodanganya inaonekana vizuri zaidi katika kazi ya Kathleen Drew-Baker wa Uingereza. Wataalamu walikuwa wakijua mwani mwekundu wenye umbo la karatasi nyembamba, Porphyra, na pia walijua vinyuzi vya waridi vinavyojichimbia ndani ya makombe matupu ya baharini, wakaviita Conchocelis. Majina mawili, viumbe viwili. Mwaka 1949 Drew-Baker alionyesha kwamba ni kiumbe kimoja katika hatua mbili za maisha, na kwamba karatasi haipatikani bila kombe. Wakulima wa mwani wa Japani, ambao hadi wakati huo hawakujua mbegu za mwani wao zinatoka wapi, waliweza hatimaye kuuotesha kwa mpango badala ya kutegemea bahati.

Wale bakteria, je, ni mwani?

Hapa ndipo penye ugomvi mkubwa zaidi. Sianobakteria kwa miaka mingi waliitwa mwani wa bluu-kijani. Hawana kiini ndani ya seli. Kinasaba wako na bakteria wengine. Wapo wanaosema waondolewe kwenye kapu kabisa. Wengine wanajibu kwamba ukimtoa aliyeanzisha kazi yenyewe, aliyekuwa mwalimu wa wote, kapu linabaki na wanafunzi watupu. Sheria za kutaja majina hazikuamua. Mwaka 2011, katika mkutano wa Melbourne, kanuni za kimataifa za majina ya mimea zilibadilishwa jina zikawa kanuni za mwani, kuvu na mimea, kukubali kwamba hivyo vitatu si kitu kimoja. Sianobakteria bado wanaweza kupewa majina kwa kanuni hizo au kwa kanuni za bakteria. Mimi nawaweka nje ya mwani na ndani ya hadithi yake.

Ugomvi huu una madhara nje ya vitabu. Agosti 2014 karibu watu nusu milioni wa Toledo, Marekani, na viunga vyake waliambiwa wasinywe maji ya bomba. Ziwa Erie lilikuwa limejaa ukijani, na vyombo vya habari vikasema ni mwani. Walikuwa sianobakteria, wanaotoa sumu iitwayo maikrosistini. Watu waliambiwa pia wasiyachemshe maji, kwa kuwa sumu hiyo haivunjwi na moto wa jikoni. Maji yanapopungua kwa mvuke, sumu inazidi kukolea. Mwani wa kijani wa kawaida hautoi sumu hiyo. Aliyesikia "mwani" akafikiri ni utelezi tu usio na neno angekosea vibaya.

Kwa nini ziwa hujaa ghafla? Jibu liliwekwa wazi mwaka 1973 huko Ontario, Kanada. Timu ya David Schindler ililigawa ziwa moja dogo, lililojulikana kwa namba 226, kwa pazia la nailoni. Pande zote mbili zilitiwa kaboni na nitrojeni, na upande mmoja ukaongezewa fosforasi. Picha iliyopigwa kutoka angani haikuhitaji maelezo marefu: upande wa fosforasi ulikuwa kijani kibichi, wa pili ulibaki na rangi ya ziwa. Fosforasi hiyo ndiyo hutiririka kutoka kwenye mbolea, maji taka na, wakati ule, sabuni za kufulia. Ukijani unapokufa huliwa na bakteria wanaomaliza oksijeni ya majini, na samaki wanakosa hewa.

Lipo jambo moja linalosemwa sana ambalo ningependa liwekewe breki: kwamba nusu ya oksijeni unayovuta inatoka kwa mwani. Ni kweli kwamba karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia hufanyika baharini, sehemu kubwa na viumbe visivyoonekana kwa macho. Mmoja wao, Prochlorococcus, naye ni sianobakteria. Ukiwapanga mstari mmoja, zaidi ya 1,500 wanaenea katika milimita moja. Lakini karibu oksijeni yote wanayoitoa kila mwaka hutumiwa humo humo na viumbe vya baharini. Iliyojaa hewani ni akiba ya mamia ya mamilioni ya miaka, iliyobaki kila mara kiumbe kilipokufa na kufukiwa kwenye tope kabla ya kuoza.

Turudi kwa mdudu

Miaka ya 1990 watafiti waliokuwa wakichunguza kimelea cha malaria walitambua kilichokuwa ndani ya kiungo kidogo chenye tando nne. Kilikuwa na DNA yake yenyewe, na DNA hiyo ilikuwa ya kloroplasti. Mhenga wa kimelea hiki alikuwa amemeza mwani mwekundu. Aliishi kwa nuru kabla uzao wake haujahamia ndani ya miili ya wengine, na mwaka 2008 ilitangazwa kwamba jamaa yake anayefanya usanisinuru mpaka leo, Chromera, amepatikana kwenye matumbawe ya Australia.

Kiungo hicho hakinasi tena nuru, kwa kuwa ndani ya damu hakuna kazi hiyo, lakini kinatengeneza kemikali ambazo bila hizo kimelea hufa. Na kwa kuwa asili yake ni bakteria aliyemezwa, dawa za kuua bakteria zinakipata. Ndiyo sababu doksisaiklini, ambayo ni antibayotiki, hupewa msafiri ili kumkinga na malaria, ugonjwa usioletwa na bakteria yeyote.